Moto unaotembea na moto unaokimbia

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Mwaka wa mwisho una mambo yake, si mnajua tena. Leo hakuna habari za kafeteria wala za nani kaonekana na nani nyuma ya maktaba. Leo naomba mnivumilie kidogo, nataka kuongea kuhusu moto.

Naanza na swali nililowatupia wenzangu chumbani juzi, umeme ukiwa umekatika na hakuna mwenye la kufanya. Chukua kilo moja ya mkaa, halafu chukua kilo moja ya TNT, ile baruti kali ya kwenye mabomu. Ipi ina nishati nyingi? Wote watatu wakajibu TNT bila hata kufikiri. Babu (si babu wa kweli, tumempa jina hilo kwa sababu anavaa sweta katika joto hili la Dar) akaongeza kwamba swali lenyewe ni la kitoto.

Jibu ni mkaa, tena kwa mbali. Kilo ya mkaa mzuri ikiungua yote inatoa joto la kama megajuli 30. Kilo ya TNT ikilipuka inatoa kama megajuli 4 na nusu tu. Ni kweli mkaa unaazima oksijeni ya hewani wakati TNT imebeba yake ndani, lakini hesabu ya joto ndiyo hiyo. Mbona basi mama anapikia mkaa maharage saa tatu na nyumba bado imesimama?

Hapo ndipo somo langu lilipo. Kiswahili chetu cha kila siku kinaita kila kitu mlipuko: tairi likipasuka, mtungi ukishika moto, bomu likidondoshwa. Wahandisi wanatenganisha. Kuungua kwa kawaida nitakuita mwako. Kule kwingine nitakuita detonesheni, maana neno zuri zaidi sijalipata, na wale wa idara ya Kiswahili wakinipa lao nitafurahi.

Mwako ni moto unaotembea. Washa jiko la gesi, inama, uangalie ule moto wa bluu. Tabaka la gesi linaloungua linalipasha joto tabaka la jirani yake. Jirani akipata joto la kutosha naye anashika, anampasha wa tatu, na kuendelea. Ujumbe unapelekwa na joto linalopenya polepole. Ukichukua mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, ukaacha utulie kabisa halafu ukauwasha, moto unaila ile gesi kwa mwendo usiofika hata nusu mita kwa sekunde. Mtoto anayetambaa anaweza kushindana nao.

Detonesheni ni moto unaokimbia kuliko sauti. Hapa ujumbe unapelekwa na wimbi la mshtuko, yaani ukuta mwembamba wa mgandamizo unaoibana gesi ghafla. Na gesi ikibanwa ghafla inapata joto. Kama umewahi kujaza upepo baiskeli halafu ukagusa pampu kule chini, unajua. Dereva wa daladala ya dizeli naye anajua, hata kama hajui kwamba anajua: injini yake haina plagi, pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Kwenye detonesheni hakuna pistoni, wimbi lenyewe ndilo pistoni. Linabana, gesi inawaka papo hapo nyuma yake, gesi iliyowaka inatanuka na kulisukuma wimbi mbele, nalo linabana tena. Hivyo hivyo mpaka gesi iishe.

Kasi zake zinatisha. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Detonesheni katika mvuke wa petroli na hewa inakwenda kama mita 1,800 kwa sekunde. Haidrojeni na oksijeni tupu, kama mita 2,800. Weka wakimbiaji wawili kwenye ile mita 100 ya uwanjani. Mwako wa kwenye gesi iliyotulia utachukua zaidi ya dakika tatu kufika mwisho. Detonesheni itachukua sekunde 0.06 hivi. Ukipepesa jicho umekosa mashindano yote.

Mambo haya hayakuanzia kwenye roketi. Mwaka 1881 huko Ufaransa, Mallard na Le Chatelier walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia milipuko kwenye migodi ya makaa ya mawe. Katika kuwasha gesi ndani ya mabomba marefu wakakuta kwamba wakati mwingine moto unaacha kutembea, unaruka na kuwa kitu kingine kabisa. Berthelot na Vieille walikuta jambo hilo hilo miaka hiyo hiyo. Baadaye Chapman wa Uingereza mwaka 1899 na Jouguet wa Ufaransa mwaka 1905 wakaonyesha jinsi ya kupiga hesabu ya kasi yake. Hesabu yao ni fupi kiasi kwamba inafundishwa kwenye kipindi kimoja, na bado inatumika leo.

Sasa kiini cha mambo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Petroli ikipita kwenye mwako au kwenye detonesheni, joto linalotoka ni lile lile. Hakuna nishati ya bure. Kinachobadilika ni mgandamizo ambao joto hilo linatolewa nao. Detonesheni katika mvuke wa petroli na hewa ya kawaida inapandisha mgandamizo karibu mara 15 hadi 20 pale nyuma tu ya wimbi, kabla gesi haijaanza kutanuka. Mwako ulio wazi haupandishi kitu, kwa sababu gesi inapata muda wa kujitanua taratibu huku inaungua.

Na mgandamizo ni mali. Fikiria bumu. Mwanafunzi mmoja anapewa bumu lake lote siku moja. Mwingine anapewa jumla ile ile, lakini kidogo kidogo kila asubuhi. Mwisho wa muhula wote wamepokea sawa. Ila yule wa kwanza angeweza kununua kompyuta, wakati wa pili kanywea chai na chapati na hana cha kuonyesha. (Najua, najua. Yule wa kwanza naye mara nyingi hana cha kuonyesha. Naongelea uwezo!) Joto lililotolewa kwenye mgandamizo mkubwa ni hivyo hivyo: likitanuka baadaye linafanya kazi kubwa zaidi kuliko joto lile lile lililotolewa kwenye mgandamizo mdogo.

Sasa twende kwenye injini. Injini ya jeti ya ndege hizi tunazozisikia zikishuka kuelekea Kipawa inanunua mgandamizo kwanza, ndipo inachoma. Mbele kuna kompresa, yaani safu kwa safu za mapangaboi zinazoibana hewa. Injini ya GE9X iliyotengenezwa kwa ajili ya Boeing 777X inaibana hewa karibu mara 60. Kisha mafuta yananyunyiziwa, mwako unafanyika, na gesi ya moto inapita kwenye tabaini, ambayo ni mapangaboi mengine kule nyuma. Kazi ya tabaini ni kuizungusha kompresa kule mbele. Yaani sehemu kubwa ya nguvu iliyopatikana inarudishwa mbele kulipia deni la mgandamizo.

Halafu jambo la kushangaza: pale kwenye chumba cha kuchomea, mgandamizo haupandi, unashuka kwa asilimia chache. Unachoma mafuta yote yale, joto linapanda kupita kiwango cha kuyeyusha chuma, na mgandamizo unapungua! Ndivyo ilivyokuwa tangu ndege ya kwanza ya jeti, Heinkel He 178, iruke Ujerumani tarehe 27 Agosti 1939. Vyuma vimeboreshwa, mapangaboi yameboreshwa, lakini kanuni ni ile ile.

Roketi nayo inalipa deni hilo, ila kwa pampu. Injini ya F-1 iliyokuwa chini ya roketi ya Saturn V, ile iliyopeleka watu mwezini, ilikuwa na pampu ya nguvu za farasi kama 55,000. Pampu moja tu! Kazi yake ilikuwa kusukuma mafuta na oksijeni viingie kwenye chumba chenye mgandamizo mkubwa, mara 70 hivi ya hewa tunayovuta. Mle ndani ni mwako tu.

Ahadi ya detonesheni basi ni rahisi kueleza. Kama wimbi lenyewe linapandisha mgandamizo, unaweza kupunguza kompresa au pampu ukapata matokeo yale yale. Au ukaacha pampu ile ile ukapata zaidi kwa mafuta yale yale. Mwanasayansi wa Kisovieti Zel'dovich aliandika kuhusu kutumia detonesheni kuzalisha nguvu tangu mwaka 1940. Kwa hiyo wazo hili lina umri wa babu zetu. Swali la haki ni: mbona hatulipandi?

Sababu ya kwanza ni kwamba wahandisi walitumia miaka mingi kulipiga vita. Ile F-1 ilipokuwa inajaribiwa, mawimbi ya mgandamizo yalianza kuzunguka ndani ya chumba chake, na mwaka 1962 injini moja iliharibika kabisa kwenye jaribio. Dawa waliyoitafuta inachekesha ukiisikia mara ya kwanza: waliweka mabomu madogo ndani ya injini inayowaka, wakayalipua makusudi, ili waone kama injini itatulia yenyewe. Waliongeza kuta fupi za shaba kwenye bamba la kunyunyizia mafuta mpaka mawimbi yakawa yanakufa upesi. Kwenye magari nako ni hivyo hivyo. Fundi akikwambia injini inagonga, gesi imejiwasha ghafla kabla moto wa plagi haujaifikia, na huyo ni ndugu wa karibu wa detonesheni. Ili injini zisigonge, dunia ilitia madini ya risasi kwenye petroli kuanzia miaka ya 1920, ikayavuta hewani kwa miongo mingi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.

Kuna mtu ataniambia Wajerumani walishalitumia kwenye V-1, yale makombora yaliyoanza kuipiga London Juni 1944 yakiunguruma kama pikipiki. Hapana. V-1 ilikuwa inapuliza mara 45 hivi kwa sekunde, lakini kila pumzi ilikuwa mwako. Mngurumo peke yake si ushahidi.

Injini ya kwanza ya detonesheni kurusha ndege yenye rubani iliruka Mojave, California, tarehe 31 Januari 2008. Ilikuwa ndege ndogo aina ya Long-EZ iliyofungwa mabomba manne. Kila bomba linajazwa mchanganyiko, linawashwa, wimbi linatoka nyuma, bomba linasafishwa kwa hewa, linajazwa tena. Yote manne kwa pamoja yalikuwa yanapiga kama mara 80 kwa sekunde. Iliruka sekunde 10 hivi. Leo imewekwa kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kwenye majaribio ya maabara, watafiti hao walitumia silinda hedi ya gari la kawaida la General Motors kufungua na kufunga valvu za mabomba. Fundi yeyote wa Gerezani angeitambua.

Lakini ndani ya bomba kuna tatizo. Plagi haiwezi kuwasha detonesheni moja kwa moja, inawasha mwako tu. Mwako unatakiwa ugeuke njiani. Unageukaje? Moto ukianza kutembea ndani ya bomba, gesi iliyoungua inatanuka na kuisukuma ile iliyo mbele. Iliyo mbele inavurugika, moto unakunjamana, eneo lake linakuwa kubwa, unaungua haraka zaidi, unasukuma zaidi. Kila msukumo unatuma wimbi dogo mbele. Mawimbi ya nyuma yanapita kwenye gesi iliyokwisha kupashwa joto na ya mbele, kwa hiyo yana kasi zaidi na yanayafikia yale ya mbele. Yanarundikana mpaka yanakuwa ukuta mmoja, na hapo, pa! Mtafiti wa Kisovieti Shchelkin alionyesha kwamba ukiweka waya uliosokotwa kama springi ndani ya bomba, gesi inavurugika zaidi na umbali huo unafupika sana. Mpaka leo springi hiyo inaitwa kwa jina lake.

Niliposoma sehemu hii kitu kilinigusa. Mjomba wangu ana kijigereji cha kuchomelea kwa gesi, asetilini na oksijeni. Mafundi wana msemo wao: "moto umerudi". Maana yake moto wa kwenye tochi umeingia ndani ya mpira wa gesi na unaelekea kwenye mtungi. Mara nyingi unasikika mlio tu, fundi anafunga koki, anatukana kidogo, anaendelea na kazi. Lakini miaka michache iliyopita, kwenye gereji ya jirani yake, mpira ulipasuka wote kwa mara moja. Kijana aliyekuwa ameshika tochi alipoteza vidole viwili na sikio moja halisikii mpaka leo. Watu walisema mpira ulikuwa mbovu. Huenda. Ila asetilini iliyochanganyika na oksijeni inaweza kugeuka kutoka mwako kuwa detonesheni kwa umbali mfupi sana, na ikishageuka inakwenda kama mita 2,400 kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuwahi koki.

Shikilieni hilo, nitalirudia. Kwanza nimalize habari ya injini.

Aina ya mabomba ina udhaifu: kila pigo lazima lijazwe, liwashwe, lisafishwe. Aina inayosumbua vichwa vya watu sasa hivi ni ya wimbi linalozunguka. Chukua sufuria kubwa, weka sufuria ndogo katikati yake. Ule mwanya kati ya sufuria mbili ndio chumba cha kuchomea. Mafuta na oksijeni vinaingia kwa matundu madogo kutoka upande mmoja, gesi inatokea upande wa pili. Ukishaliwasha wimbi mara moja, linakimbia kuuzunguka mwanya huo bila kusimama, likila gesi mpya iliyoingia tangu lilipopita. Fanya hesabu: mwanya wa kipenyo cha sentimita 10, kwa kasi ya mita 1,800 kwa sekunde, ni mizunguko kama 5,700 kila sekunde. Wazo lilianza kujaribiwa Novosibirsk na Voitsekhovskii mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndilo lile lile jini la F-1, ila safari hii limepewa kazi.

Na kazi limeanza kufanya. Tarehe 27 Julai 2021 Wajapani walirusha roketi yao ya utafiti, S-520-31, kutoka Uchinoura, ikiwa na injini ya wimbi linalozunguka inayotumia methani na oksijeni. Ilifanya kazi angani sekunde 6 hivi, kwa msukumo wa nyutoni kama 500, sawa na uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Mwaka 2022 NASA walijaribu ya kwao ardhini kule Alabama, imechapwa kwa mashine ya pande tatu kutokana na aloi ya shaba, ikasukuma uzito wa kama tani 1.8 kwa karibu dakika nzima. Mwaka 2023 wakafika sekunde 251 kwa uzito wa kama tani 2.6. Mei 2025 kampuni ya Venus Aerospace ikarusha roketi ndogo yenye injini ya aina hii kutoka New Mexico. Kwa hiyo swali la kama inawezekana limekwisha.

Lililobaki ni kama inalipa. Na hapa wadau ndipo magazeti ya sayansi yanaporuka. Gharama yake inalipwa mlangoni. Kila wimbi likipita juu ya yale matundu, mgandamizo wake unataka kuirudisha gesi ilikotoka. Ili isirudi, inabidi matundu yawe membamba na gesi isukumwe kwa nguvu nyingi kupita hapo. Lakini nguvu hiyo inapotea pale pale mlangoni. Umepata faida ya mgandamizo ndani, umeshalipa mlangoni kabla hujaiona. Vipimo vingi vilivyochapishwa vinaonyesha kwamba, ukijumlisha yote, mgandamizo unaotoka bado ni mdogo kuliko ulioingia.

Wizi wa pili unafanywa na mwako wenyewe. Gesi mpya ikiingia inakutana na gesi ya moto iliyoachwa na wimbi lililopita. Sehemu yake inaanza kuungua kikawaida kabla wimbi halijafika. Sehemu hiyo imekwisha, haitaongeza kitu kwenye wimbi. Ndiyo maana kwenye mitambo halisi wimbi mara nyingi linakimbia pungufu ya hesabu ya Chapman na Jouguet. Ongeza hapo joto kali linalosuguana na kuta, na tabaini inayopenda upepo uliotulia ikipigwa makofi maelfu kwa sekunde. Mwako ni mzee mvivu lakini anafika kazini kila siku. Kwenye karatasi detonesheni imeshinda tangu 1940. Kwenye viwanja vya ndege bado mwako unatawala, na mechi inachezwa mlangoni, kwenye yale matundu.

Sasa nirudi kwangu. Mnajua kila mmoja wetu anatakiwa kupeleka kichwa cha mradi kwa msimamizi kabla ya Ijumaa. Mimi nilipeleka Jumatatu: kukokotoa kwa kompyuta jinsi mwako unavyogeuka kuwa detonesheni ndani ya bomba la injini. Karatasi ikarudi na maneno matano ya wino mwekundu: "Itatusaidia nini sisi hapa kwetu?"

Sikukasirika. Ni swali zuri, na mama yangu angeliuliza hivyo hivyo. Nyumbani wanauza kuku ili nisome, na hatuna kiwanda cha roketi. Chumbani kila mtu alikuwa na ushauri. Babu alisema nifanye jiko sanifu, majiko hayakataliwi kamwe na madesa yake yapo tele. Mwingine akasema niongeze neno "endelevu" kwenye kichwa cha habari, nitapita. Nililala na lile swali siku mbili.

Jumatano nikaenda ofisini kwake. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, kaa. Umekuja na jiko?" Nikamwambia hapana, nimekuja na mpira wa gesi. Nikamweleza habari ya gereji. Kisha nikamwambia: kuna namba moja tu ninayoitafuta, yaani umbali ambao moto unahitaji kutembea ndani ya bomba kabla haujageuka. Mtengeneza injini anataka umbali huo uwe mfupi iwezekanavyo, ndiyo maana anaweka springi ya Shchelkin. Fundi wa kuchomelea anataka mpira wake usiufikie kamwe. Hesabu ni moja.

Dokta akanyamaza. Nikaendelea. Vizuia moto vinavyofungwa kwenye mipira ya gesi vina chuma chenye vitundu vidogo sana. Moto ukipita humo chuma kinaunyang'anya joto, unakufa. Pia vina valvu ya njia moja ili gesi isirudi. Lakini kifaa kilichotengenezwa kuzuia moto unaotembea si lazima kiweze kuzuia unaokimbia, kwa sababu unaokimbia unakuja na ukuta wa mgandamizo mbele yake. Kwa hiyo mahali unapokifunga pana maana. Kikiwa karibu na tochi kinaukuta moto bado mchanga. Kikiwa mbali, mwisho wa mpira mrefu, kinaweza kuukuta umeshakua. Umbali wa kutosha ni upi, kwa mipira ile mafundi wetu wanayotumia kweli? Hilo ndilo nataka kukokotoa.

Akauliza kama nina mpango wa kuwasha asetilini kwenye maabara ya chuo. Nikasema hapana Dokta, kompyuta tu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akaniwekea masharti mawili. Kwanza, kabla ya kukokotoa asetilini, nianze na haidrojeni na oksijeni, ambayo majibu yake yanajulikana, ili aone programu yangu inafika karibu na zile mita 2,800. Ikishindwa hapo, ananipa jiko. Pili, nizunguke angalau gereji tatu nipime mipira: urefu, kipenyo, na kama kuna kizuia moto, kimefungwa wapi. "Usiniletee bomba la kwenye vitabu," akasema. "Niletee la kwao."

Basi hapo ndipo nilipo. Programu imeanza kukimbia jana usiku kwenye kompyuta ya kuazima, na kwa sasa wimbi langu linakwenda mita 2,640. Bado halijatosha. Jumamosi nakwenda kwa mjomba na futi kamba. Nikimaliza kwake, nakwenda kwa yule jirani yake, na hiyo ndiyo safari ninayoiwazia zaidi, maana yule kijana bado anafanya kazi pale pale, anashika tochi kwa mkono wa pili.

Nawaomba kitu kimoja. Kama una mjomba, kaka au jirani anayechomelea kwa gesi, ukipita kwake msalimie, halafu uangalie pale mpira unapoungana na tochi, na pale unapoungana na saa ya mtungi. Kuna kizuia moto? Kama hakuna, mwambie. Ukipata nafasi mpimie na urefu wa mpira, uniletee namba nikutane nawe kimbweta kile cha chini ya mwembe. Soda juu yangu, bumu likitoka.